Mchezo Ule Wenye Katanga

Harufu ilinikuta kazini. Mashine yangu ya fotokopi ni mzee, na siku hiyo ilikuwa imetumika tangu asubuhi bila kupumua. Kufika mchana ikaanza kutoa ile harufu ya vumbi linalopikwa juu ya plastiki. Mtu mwenye akili angeizima mbio. Mimi nilikaa tu, nikivuta pumzi kama mjinga, maana kwangu ile si harufu ya kitu kinachoungua. Ni harufu ya Papa, baba yangu, akiwa amevaa shati la kazi.

Mbele ya meza yangu walikuwa wamesimama wanafunzi wawili wa chuo, wenye flash moja, wanagombana. Walitaka niwawekee mchezo wa ordinateri, yaani kompyuta, ile michezo mirefu ambayo unapewa nchi nzima, uilinde, uilishe, uipeleke vitani, miaka mia na zaidi, mpaka macho yawe mekundu. Flash ilikuwa na nafasi ya mchezo mmoja. Mmoja alitaka ule wa wafalme. Mwenzake alitaka ule wa viwanda na reli.

"Yaya, weye ulianza machine zamani," wakaniambia, kama anavyoitwa aliye mkubwa kwako. "Tuchukue gani?"

Nikawaambia wangoje kidogo, mashine ipoe. Lakini haikuwa mashine iliyohitaji kupoa.

Ninyi mliokua pamoja nami mnakumbuka namna kampuni yetu ya shaba ilivyokufa. Haikufunga mlango siku moja. Kwanza ilipunguza unga wa mposho, ule mfuko ambao kila mfanyakazi alibeba nyumbani mwisho wa mwezi. Halafu mshahara ukaanza kuchelewa, na halafu ukaacha kuja. Kisha sirene, king'ora cha kampuni, ikanyamaza, ile iliyokuwa inaamsha mtaa wetu wote wa Katuba, hata wale ambao hawakuwa na kazi ya kuamkia. Vita ilikuwa imekata nchi vipande, treni hazikuwa zinafika mbali, na watu wazima walikuwa wakiongea kwa sauti ndogo ambayo sisi watoto tuliisikia vizuri kuliko ile kubwa.

Mwisho, wafanyakazi wakaitwa waende kuchukua vitu pahali pa mshahara. Mmoja alitoka na viti vya ofisi. Mwingine alitoka na mlango mzima, na komeo lake. Papa Kalenga, jirani yetu, fundi wa kutengeneza treni, alipewa saa kubwa ya ukutani ya atelie, karakana yao, duara kama sinia ya harusi. Na Papa yangu, aliyekuwa akiendesha treni ya mawe ya mgodi tangu ujana, alirudi na ordinateri.

Waliileta juu ya pusupusu, kigari cha kusukuma kwa mikono, Papa anavuta mbele, Papa Kalenga anasukuma nyuma huku saa yake ameifunga mgongoni na kitambaa kama mtoto. Watoto wa barabara nzima tulifuata tukiimba. Mama alikuwa mlangoni, mikono myeupe ya unga. Alitazama kile kichwa kikubwa cha kioo, akatazama baba yangu.

"Papa Trésor," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, "hii banakula na mboga gani?"

Papa Kalenga alicheka mpaka saa ikaanza kulia mgongoni mwake. Papa hakucheka.

Ndani ya sanduku la ordinateri, chini ya nyaya, yaya yangu Trésor, mtoto mkubwa wa nyumba, alikuta diski mbili ambazo mwenye ofisi alizisahau. Moja ilikuwa na picha ya taji. Nyingine ilikuwa na bomba la kiwanda, likitoa moshi mweusi juu ya treni. Yaya alikuwa ameshajifunza machine kwa rafiki zake wa mjini, na alisoma Kifaransa kuliko sisi wote. Akatuambia ni michezo miwili tofauti, ila ordinateri ni ya zamani, tumbo lake dogo, inameza mmoja tu. Lazima kuchagua.

Mimi nilitaka ule wa taji. Ulikuwa na watu wenye sura: wafalme wenye ndevu, malkia wenye shingo ndefu, na ungeweza kuozesha binti yako kwa nchi ingine ili vita isikuje. Nilikuwa na miaka ya kuamini kwamba vita yetu pia ilikuja juu ya mtu fulani aliyekatala kuozesha binti. Yaya alitaka ule wa bomba. Tuligombana, tukavutana nywele, na kwa sababu mimi ndiye niliyelia kwa sauti zaidi, tukaanza na taji.

Ilikuwa nzuri. Karte, ramani ya dunia, ilikuja na rangi zake, nyekundu, bluu, ya manjano, na majina yaliyoandikwa kwa herufi za kujikunja. Tulishuka na mshale toka Ulaya, tukapita jangwa, tukatafuta kwetu. Pale tulipopaswa kuwa, hakukuwa na rangi. Kulikuwa kijivu, kijivu tu, kama sakafu ambayo bado haijawekwa simenti. Ukiigusa, machine haisemi kitu.

"Na Katanga, iko wapi?"

Tuligeuka. Papa alikuwa nyuma yetu, hatujui tangu lini.

"Haiko, Papa," Yaya akajibu. "Humu bado hawaijue."

"Hawaijue," Papa akarudia, akatoka nje kukaa juu ya kinu.

Kesho yake Yaya alitoa taji, akaweka bomba. Nilinuna. Lakini karte ilipofunguka na mshale ukashuka, tulijikuta. Tulikuwa na mipaka! Tulikuwa na rangi, hata kama ni rangi ya wenyewe wengine, na katikati yetu kulikuwa na kijiwe kidogo chekundu, alama ya shaba. Papa aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa kioo. Akaweka kidole juu ya kile kijiwe. Kidole chake kilikuwa na mafuta meusi kwenye kucha, mafuta ya treni, ambayo hayakutoka hata miaka baadaye.

"Hii," akasema. "Mutaacha hii."

Ndiyo namna mchezo ulivyochaguliwa mu nyumba yetu. Si mimi, si Yaya. Ni kile kidole.

Kuanzia hapo Papa akawa mtu mwingine. Aliamka saa ile ya sirene, ingawa sirene haikuwepo, akaoga, akavaa shati la kazi la bluu lenye jina la treni yake kifuani, akakaa mbele ya ordinateri. Umeme ukiwepo, alicheza. Ukikatika, alingoja, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja treni yenye kuchelewa. Alijifunza upesi. Hakujali majeshi. Yaya alimwambia, "Papa, adui anakuya toka mashariki," naye anajibu, "Acha akuye, mimi naweka reli." Aliweka reli toka kwetu mpaka baharini, kila upande, nyeusi nyeusi kama nyayo za siafu.

Mimi niliona shati, niliona saa ya kuamka, niliona mafuta kwenye kucha. Nikaelewa jambo moja wazi kabisa: Papa amerudia kazi. Kampuni imefunga kule, imemtuma nyumbani na kazi yake ndani ya sanduku. Mchana nilikuwa nawafukuza watoto wenzangu kwenye uwanja wetu. "Nyamazeni, Papa iko ku kazi!" Na Mama akiwa anatoka na beseni lake la mikate kichwani, akinisikia, alisimama kidogo, akaenda zake sokoni.

Kama ningekuwa peke yangu katika kuelewa vile, ingekuwa kichekesho cha familia. Lakini ordinateri ilikuwa karibu na dirisha, kwa sababu ya joto. Na Papa Kalenga alikuwa na desturi ya kuja kila siku saa yake kubwa ikigonga nne, kutuambia ni saa nne, kama zamani alivyowaambia wenzake kwenye atelie.

Siku hiyo aligonga dirisha, akachungulia, na salamu ikamkatikia mdomoni. Aliona karte. Aliona Katanga, kijiwe cha shaba, na reli mpya zikitoka. Aliona rafiki yake amevaa shati la kampuni, anafanya kazi kwenye ordinateri ya kampuni.

"Mukubwa," akasema polepole. "Banaanza kazi?"

Papa hakugeuka. Alikuwa mbali, mahali fulani kati ya shaba na bahari, ana furaha. "Tunaweka reli kwanza," akajibu.

Naona mpaka leo uso wa Papa Kalenga ulivyofunguka. Na naona Papa akigeuka sasa, akamwona mwenzake, akaelewa mwenzake amesikia nini. Alikuwa na nafasi ya kucheka na kusema, aah, ni mchezo wa batoto. Midomo yake ilianza kabisa. Lakini ni nani angemwita tena mukubwa na sauti ile?

"Kuya ndani," akasema. "Chukua kiti."

Kesho yake walikuja watatu, na halafu wengi. Wanaume ambao tangu miezi walikuwa wanakaa mbele ya nyumba zao na ndevu za mgonjwa, walikuja wamenyoa. Walikaa juu ya matofali, juu ya kinu, mmoja juu ya ule mlango wake wa mshahara, ambao aliubeba kila siku akiogopa kuibiwa. Waliangalia dirishani na kugombana.

"Hapana pale, mukubwa! Pale maji inapitaka. Umesahau reli yetu ilibebwa na mvua?"

"Weye unajua nini? Ulikuwa unalala mu wagon."

"Nililala, lakini wagon ilikuwa inatembea! Sasa weye uko macho na haitembee."

Walicheka, walisukumana. Papa Kalenga hakucheka sana. Yeye alikuwa na swali moja, aliuliza kila siku kwa heshima, kama mtu anayeomba maji. "Na atelie ya mekanike, bataiweka wapi?" Papa alipeleka mshale pahali fulani karibu na kijiwe. "Hapa," akasema. Papa Kalenga alipatazama sana, kama mtu anayeonyeshwa kiwanja atakachojenga.

Yaya Trésor ndiye peke yake aliyejua. Alinivuta pembeni, akaniambia, "Ni mchezo tu, mutoto. Papa anacheza." Nikamwambia ana wivu juu ya kutopewa tena zamu. Akanipiga kofi ndogo, akalia yeye.

Halafu Mama akarudi toka sokoni mapema kuliko kawaida. Mikate ilikuwa bado mingi. Aliweka beseni chini, hakuvua viatu.

"Papa Trésor. Ule mwenye ma camion, muntu wa Butembo, unamujua?"

Kila mtu alimjua. Alikuwa mfanyabiashara toka Kivu, mtu wa kanisa, wa maneno machache. Vita ilimfungia njia ya kwao, basi sasa camion zake, malori makubwa, zilikuwa zinafanya Mokambo, kwenda mpakani na kurudi na unga.

"Alitafuta fundi wa camion. Alikuya kwa Papa Kalenga, yeye mwenyewe, na miguu yake. Mama Kalenga ananiambia alimungojea mpaka katikati ya mchana. Papa Kalenga anakatala. Anasema kampuni itamuita siku hizi, atelie yake tayari iko mu karte. Ananiambia ni weye ulimwambia."

"Mie sikumwambia kintu."

"Njo vile," Mama akasema. "Haukumwambia kintu."

Hakupiga kelele. Alichukua beseni, akaenda jikoni kuwasha makala, makaa ya kupikia, na tulisikia akipuliza, akipuliza, muda mrefu kuliko makala yanavyohitaji.

Asubuhi Papa aliamka saa ile ile. Alioga, lakini hakuvaa shati la bluu. Alivaa lile la Jumapili. Akamwita Yaya.

"Toa hii. Weka ile ingine."

"Ya taji? Papa, reli yako yote itapotea. Miaka yote ile!"

"Weka ile ingine, nimesema."

Mimi niliruka na furaha. Mchezo wangu! Wafalme wangu, shingo ndefu zangu! Nilisimama karibu ya Yaya nikipiga makofi wakati ordinateri ilipokuwa ikikoroma na kutoa harufu yake ya vumbi la moto. Nilidhani Papa amenikumbuka.

Papa Kalenga alifika saa nne, amenyoa. Wengine walikuwa bado hawajafika. Papa alimfungulia mlango, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, mbele ya kioo. Karte ilikuwa wazi. Papa alishusha mshale yeye mwenyewe, kupita jangwa, mpaka kwetu, mpaka mu kijivu.

"Kwetu iko wapi?" Papa Kalenga akauliza.

"Haiko."

"Jana ilikuwa."

"Jana ilikuwa mchezo, Kalenga. Na hii ni mchezo. Yote ni michezo, ilisahauliwa mu sanduku. Kampuni haitume mutu. Hakuna atelie. Nilipaswa kukuambia siku ya kwanza."

Papa Kalenga hakumtazama. Alinyoosha mkono, akapangusa kioo na kiganja chake pale penye kijivu, polepole, kama mtu anayepangusa vumbi ili kuona kilicho chini. Akapangusa tena.

"Unatufuta," akasema.

"Hapana. Kalenga, sikiliza. Enda kwa ule wa camion. Mimi nitaenda na weye, nitamwambia kosa ni yangu."

"Alishapata muntu ingine. Jana." Akasimama. Alikuwa mtu mrefu, sikuwahi kuona urefu wake mpaka pale. "Ni juu nilikuuliza sana atelie, si vile? Kila siku, atelie, atelie. Nilikuchokesha. Ungeniambia tu, mukubwa: Kalenga, mahali yako haiko. Ningesikia. Lakini kufuta bote, juu yangu mimi moja..."

"Ni mchezo!" Papa akapaaza sauti. "Trésor, mwambie! Mwambie ni mchezo!"

"Ni mchezo, Papa Kalenga," Yaya akasema. "Hata mimi najua kuucheza."

Papa Kalenga akamwekea mkono kichwani. "Mutoto muzuri," akasema. "Unamulinda baba yako." Akatoka.

Mnaona pale palipobaki bila dawa? Kwa uongo ule mtu alikuwa ameamini bila kuambiwa neno. Kwa ukweli aliambiwa na watu wawili, na hakuamini.

Na mimi. Mimi pia nilimsikia Papa, nilimsikia Yaya, na nilimwamini Papa Kalenga. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu: jana tulikuwepo, leo kijivu. Nilitoka mbio mpaka mwisho wa barabara yetu, pahali pa juu kidogo, ambapo unaweza kuona mbali upande wa kampuni. Nilitaka kujua kama bado tuko. Kile kilima cheusi cha takataka za shaba kilikuwepo. Bomba refu lilikuwepo. Lakini halikuwa na moshi. Sasa najua halikuwa na moshi tangu zamani, sirene ilinyamaza nalo. Ila mimi sikuwa nimewahi kuliangalia tangu wakati ule, na siku hiyo ndiyo niliona. Nikarudi nyumbani nikijua kwamba baba yangu ameuzima moshi wa Lubumbashi kwa kubadilisha diski, na kwamba alifanya hivyo kunifurahisha mimi, niliyelia nikitaka taji. Nilibeba ile kitu ndani yangu muda mrefu, bila kumwambia mtu. Sikugusa ule mchezo hata siku moja.

Papa pia. Alienda kwa yule mtu wa Butembo, na shati lake la Jumapili. Yule mzee alimsikiliza vizuri, akamwambia nafasi imejaa, ataomba Mungu. Wale wengine waliacha kuja mmoja mmoja, bila ugomvi, na ndevu zikarudi. Ordinateri Mama aliifunika na kitenge, na baadaye akaanza kuweka mikate juu yake, kwa sababu panya hawakuweza kupanda kioo.

Akina Kalenga waliondoka kabla ya mvua. Sisi na wao tulikuwa na kinu kimoja, cha kwetu, lakini kilikuwa kinalala kwao siku nyingi kuliko kwetu. Sombe, majani ya muhogo, ya nyumba zote mbili ilitwangwa humo. Mama Kalenga alikileta amekiosha. Alikiosha mpaka ndani, mpaka kikawa cheupe, hakikuwa na harufu hata kidogo ya majani. Alikiweka mlangoni. Mama akamwambia, "Mama Kalenga, kaa kidogo," naye akajibu, "Pusupusu inangoja." Juu ya vitu vyao, imefungwa na kamba, ile saa ilikuwa inaangalia mbinguni. Ilipogonga walikuwa wameshapinda kona. Papa alikuwa nyuma ya nyumba, na alihesabu milio kwa midomo, bila sauti, nilimwona.

Papa hayuko tena. Aliendesha vitu vingine baadaye, pikipiki, mkokoteni, na mara moja basi dogo la watu wengine, lakini hakuna aliyemwita mukubwa. Mwaka wake wa mwisho nilimwambia kuhusu moshi, namna nilivyoamini ni yeye aliyeuzima, nilidhani tutacheka. Mimi ni mtu wa kucheka, mnanijua, hata matangani. Aliniangalia sana. "Weye pia?" akasema. Ni hayo tu.

Fotokopi ilikuwa imepoa. Wale wanafunzi wawili bado wanagombana, ya wafalme, ya viwanda. Nikawauliza: mu hizo karte zenu, kwetu kuko?

"Mu ya viwanda kuko, Yaya! Na shaba yote! Unaanza Katanga, unashika dunia nzima."

"Basi chukueni hiyo," nikasema, nikaweka flash kwenye ordinateri. Walifurahi, wote wawili, hata yule aliyeshindwa. Ni watoto wazuri. Nilipowarudishia, niliishika kidogo kabla ya kuiachia.

"Lakini mukicheza," nikawaambia, "mufunge dirisha."

Wakacheka. Nami nikacheka nao.